Chupa za Kunde za Bongwe

Ninyi mnaoingia kazini sasa mmekwisha kuisikia habari ya chupa za kunde za Bongwe. Mnasimuliwa siku ya kwanza ya mafunzo, mnaambiwa kuwa zamani alikuwako bibi shamba mmoja aliyewafundisha wanawake kuhifadhi mboga vibaya, na jina lake halitajwi. Nimestaafu mwezi uliopita na sina mkubwa wa kumwogopa tena, basi nalitaja mwenyewe. Bibi shamba huyo ni mimi, Mishi. Vyeo nilivyopata havitawafaa kitu, na mishahara haikunifaa sana hata mimi niliyeila. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha kazi, na majuma yale ambayo hofu ilikaa nami kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilianza miaka ya mwanzo ya uhuru, katika ofisi ya kilimo ya Kwale, mlimani juu, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia mpaka kwenye meza. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha maarifa ya nyumbani. Nilijua kuoka keki kwa oveni. Katika wilaya nzima nilizijua oveni mbili, zote za mahoteli ya Diani, na wapishi wake hawakuhitaji kufundishwa nami. Kazi niliyopewa ilielezwa kwa maneno machache: kuanzia Msambweni mpaka Ukunda maembe yanaoza chini mpaka njia zinanuka, na miezi michache baadaye watu wa upande wa bara, huko Kinango na Samburu, wanakula sima kwa chumvi. Nenda kawafundishe akina mama wasitupe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Mwabungo. Niliwakuta wanawake wapatao ishirini wamekaa kwenye jamvi, nikawasalimu, nikafungua daftari langu, nikaanza. Nilimenya papai, nikakata tikiti, nikapukuchua kunde, nikaeleza juu ya vitamini kwa sauti ya chuoni. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, Bi. Mwanasha, ambaye karamu zote za harusi za upande ule zilipikwa kwa mkono wake. Alisikiliza mpaka nilipomaliza. Kisha akainuka, akaichukua ndoo niliyokuwa natupia taka, akaitazama ndani.

"Mwanangu," akasema, "umekuja kutufundisha tusitupe, na ndoo hii umeijaza wewe."

Wenzake hawakucheka, na hiyo ilikuwa adabu yao. Bi. Mwanasha aliyaosha maganda ya tikiti, akaondoa lile gamba gumu la kijani, akayakatakata yale meupe na kuyapika kwa tui kama apikavyo mung'unye. Nilikula sahani mbili. Tangu siku hiyo kila nilipopata nafasi nilishuka Mwabungo, nikakaa naye jikoni. Alinifundisha kukausha majani ya kunde na mchunga: unayatia katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, unayatoa upesi kabla hayajalegea, unayatandaza kivulini, si juani, na unayageuza kwa mkono wako mwenyewe mpaka yalie yakishikwa. Alinifundisha kuwa kokwa za fenesi zikichemshwa ni chakula, kwamba embe lililoanguka na kupasuka halifai kuliwa hivihivi lakini linafaa kwa achari likikatwa pale palipooza, na kwamba ndimu haitupwi mpaka iwe imekamuliwa, imetiwa chumvi, na ganda lake limesugulia sufuria. Alikuwa na kisu kimoja tu, kilicholika mpaka kikawa chembamba kama jani la mnazi. Mimi nilikuwa na sita vya serikali, na vyote vilikuwa butu.

Mwaka wa pili ofisi ilipata kijitabu cha kuhifadhi matunda chupani, cha Kiingereza, chenye picha. Nilizunguka mahoteli ya Diani nikiomba chupa tupu za jemu na vifuniko vyake. Tulizichemsha, tukatia vipande vya maembe na maji ya ndimu, tukazichemsha tena zikiwa zimejaa, tukazifunga. Zilikaa miezi, zikafunguliwa, zikaliwa, na watu wakasifu. Nilijiona bingwa. Wakubwa walikuja kutazama, wakapigwa picha wameshika chupa ambazo hawakuzijaza.

Masika yaliyofuata kunde zilistawi kupita kiasi, Bongwe na hata Samburu kwenye ardhi kavu. Wanawake wakaniuliza kama chupa zingeweza kuhifadhi kunde mbichi kama zilivyohifadhi maembe. Swali hili lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa katika kijitabu, ukurasa wa nyuma. Mboga zisizo na ukali wa ndimu, kilisema, zisifungwe chupani bila sufuria maalumu ya mvuke yenye kifuniko cha kukaza, kwa sababu huweza kuingia sumu isiyo na harufu wala rangi. Chini yake palikuwa na picha ya sufuria hiyo na anwani ya waiuzao. Niliusoma ukurasa ule mara mbili. Sufuria ya namna hiyo haikuwako wilaya nzima. Nikajiambia kuwa hawa wanatafuta tu kuuza sufuria zao, na kwamba nikichemsha saa tatu badala ya moja hakuna sumu itakayobaki. Niliufunga ukurasa, nikawajibu wanawake kuwa inawezekana.

Bi. Mwanasha peke yake ndiye aliyekataa. "Mimi naogopa chakula nisichoweza kukinusa mpaka nimekifungua," alisema, na kwa sababu yake Mwabungo nzima ilibaki kukausha. Nilimwona ameshikilia mambo ya kale. Bongwe tulijaza chupa ishirini, na Samburu kumi na nane.

Bongwe mwanafunzi wangu hodari alikuwa Riziki, mama wa watoto wawili, mke wa fundi wa makuti. Alikuwa msafi mpaka wenzake wakawa wanamtania. Chupa alizichemsha zaidi ya nilivyomwagiza, na vifuniko alivifuta kwa kitambaa alichokuwa amekifulia hiyo kazi tu. Alizipanga tano juu ya rafu na kuwaonyesha wageni.

Kiangazi kilipofika, mboga zikaadimika. Asubuhi moja dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari, alileta ujumbe ofisini kwamba daktari ananitaka, na niende upesi. Hakujua kwa nini. Njiani niliwaza mambo mengi, lakini habari ya chupa haikunijia.

Nilimkuta Riziki amelala chali. Kope zake zilikuwa zimeshuka kama mtu aliyelemewa na usingizi, lakini hakuwa na usingizi. Akili zake zilikuwa timamu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alinitambua kwa sauti. Alijaribu kunisalimu, na ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Kumeza hata mate kulikuwa taabu. Mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi. Mejumaa, alikuwa amekaa chini ukutani akiushika mguu wa kitanda. Alinieleza kuwa juzi Riziki alifungua chupa ya kunde, akaonja kijiko kimoja kutazama chumvi, kisha akazitia kwenye tui zikachemka muda mrefu, na nyumba nzima ikala. Jana jioni akalalamika kuwa anaona kila kitu ni viwili. Wengine wote walikuwa wazima.

Daktari alinichukua pembeni. Aliniambia kuwa sumu hii huzaliwa ndani ya chupa iliyofungwa, haibadilishi harufu, na hufa kwa moto. Walikula iliyochemka, na Riziki akaonja isiyochemka. "Kama wangeila ya baridi, ningekuwa na vitanda saba hapa," alisema. Nikamuuliza kama atapona. Alijibu kuwa ikiwa kifua chake kitaendelea kuvuta pumzi kwa siku chache hizi, huenda akapona. Kikichoka, yeye hana la kufanya. Kisha akaniuliza chupa nyingine ziko wapi.

Ningeweza kuzitaja nyumba zote kwa majina, na katika kila nyumba nikaona mkono unashika kijiko.

Bongwe nilifika mchana uleule. Habari ya Riziki ilikuwa imenitangulia, na hakuna aliyebisha. Waliniletea chupa wakizibeba mbali na mwili kama mtu anayebeba kaa hai. Zilizoliwa zote zilikuwa zimepikwa. Niliingia kila nyumba, nikamtazama kila mtu machoni, nikiwaomba waseme ili nisikie ndimi zao. Zilizobaki tulizichemsha na chupa zake katika pipa, tukazimwaga shimoni, tukafukia. Nilipohesabu, kila chupa ilikuwa na maelezo yake. Niliosha uso, nikaenda kutafuta gari la kunipeleka Samburu.

Gari la ofisi liliondoka Kwale alfajiri, kwa njia ya Kinango. Kila tulipopishana na watu waliobeba kitu kwenye machela au kitandani, niligeuka kutazama, na kila mara ilikuwa ni kuni au ndizi au mbuzi mgonjwa. Ardhi ilikuwa nyekundu na tupu. Ng'ombe walisimama bila kula, kwa kuwa hapakuwa na cha kula.

Mkuu wa kikundi cha Samburu alikuwa Mama Umazi, mjane, mwenye sauti ya chini. Aliwakusanya wenzake. Niliwaambia nimekuja kuchukua chupa zote za kunde ili ziteketezwe. Watoto walikuwa wamesimama kando, matumbo yamewaingia ndani.

"Mwalimu," Mama Umazi alisema, "ulituambia tuziweke kwa wakati wa njaa. Wakati wenyewe ndio huu."

Nikamweleza habari ya Riziki na maneno ya daktari. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama zote zina sumu.

"Sijui," nikamjibu. "Huenda hakuna hata moja. Huenda ni zote. Kwa macho hazitambulikani."

Mwanamke mmoja alisema kwa upole kwamba moto unaiua sumu hiyo, nimesema mwenyewe, basi wazichemshe tu wale. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini nilimkumbuka Riziki, fundi kuliko wote, na kijiko kimoja cha kutazama chumvi. Nikawaza mtoto mwenye njaa na chupa iliyofunguliwa wakati mama amegeuka kuchochea moto. Nilipiga magoti palepale vumbini, kitu ambacho chuoni hatukufundishwa, nikawaomba. Mama Umazi aliniinua kwa mkono, akawaambia wenzake kwa lugha yao, nao wakaenda kuzileta. Nilikuwa nimeleta magunia mawili ya unga na kunde kavu, niliyoyapigania ofisini usiku uliotangulia, na hayakutosha, na wote tuliona kuwa hayatoshi.

Zililetwa chupa tisa. Nane walikwisha kuzila, zote zikiwa zimepikwa. Moja haikuonekana. Binti mmoja akasema aliipeleka kwa bibi yake, Bi. Nyevu, aishiye peke yake ng'ambo ya reli, juma lililopita. Tangu hapo hajamwona.

Tulikwenda kwa miguu, Mama Umazi na mimi, jua la saa sita likituchoma utosini. Sikumbuki tulizungumza nini. Nyumba ya Bi. Nyevu ilikuwa na mlango wazi. Nje, juu ya jiwe, chupa yangu ilikuwa imefunguliwa, imeoshwa, imepinduliwa kukauka. Tuliita hodi, na kimya. Tukaita tena. Mama Umazi aliingia ndani, akatoka akitikisa kichwa kuwa hamna mtu, na mimi nikaanza kutazama vichakani, maana nilikuwa na hakika ya kumwona amelala mahali.

Bi. Nyevu alitokea nyuma ya boma, mtungi wa maji kichwani, anatembea polepole. Nilisahau hata kumwamkia. Nilimuuliza kunde alizilaje, na ananiona mtu mmoja au wawili.

"Nilizipika mpaka zikawa rojo," akasema. "Meno sina." Akautua mtungi, akanikazia macho. "Nakuona mmoja. Na huyo mmoja analilia nini?"

Ndipo nikamwamkia, shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa maji ninywe.

Ningeweza kumalizia hapo, na kwa miaka kadhaa nilipoisimulia habari hii nilimalizia hapo. Riziki hakufa. Kifua chake kilishika. Baada ya majuma alirudishwa Bongwe, dhaifu, kope zikinyanyuka nusu, sauti ikikwama. Na ofisini mkubwa wangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliandaa taarifa. Daktari alikuwa amesema sumu ilitoka chupani, hakusema iliingiaje. Mkubwa wangu aliandika kwamba chanzo kilikuwa uchafu jikoni mwa mwenye nyumba. Alinisukumia karatasi mezani, akaniambia kwa huruma kuwa hii itatuokoa sote, nami bado ni kijana. Niliuwaza ule ukurasa wa nyuma. Niliwaza kupelekwa mahakamani. Niliwaza mama yangu aliyewaambia majirani kuwa mwanawe ni mtu wa serikali. Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa ya ofisi, na ilikwaruza.

Kisha hofu ikabadilika sura. Mwanzo niliogopa mtu asije akafa. Sasa niliogopa mtu asije akajua. Nilikifungia kijitabu kwenye sanduku langu chini ya nguo, na kila gari lililopanda mlima wa Kwale nilidhani linakuja kwa ajili yangu. Nilikula kidogo, na nilichokula nilikichemsha mara mbili.

Bi. Mwanasha ndiye aliyeniletea habari nyingine, alipokuja Kwale kwa shughuli zake. Taarifa ilikuwa imesomwa barazani. Bongwe sasa wote walijua kuwa Riziki ni mchafu. Nyumbani kwake hapiki. Amewekewa sahani yake na kikombe chake peke yake, wanawe wanalishwa na shangazi, na mumewe anazungumza habari ya kumrudisha kwao. Bi. Mwanasha alinieleza haya akiwa amesimama mlangoni, hakukubali kukaa. Hakuniuliza lolote, wala hakunikumbusha kuwa yeye alikataa. Alisema tu, "Nimeona ni vizuri ujue," akashuka mlima.

Kesho yake nilikitoa kijitabu sandukuni, nikaenda Bongwe. Barua niliyoiandikia ofisi baadaye, kuukana ule uongo, ilinipatia onyo na miaka mitatu ya kuhesabu mbegu ghalani, na sikuonewa. Lakini barua ile ilikuwa nyepesi kuandika, kwa sababu Bongwe nilikwenda kwanza.

Niliwakuta uani. Bi. Mejumaa alikuwa anakuna nazi, mume wa Riziki anashona makuti, na Riziki amekaa kwenye mkeka kando, mbali na jiko, mikono mapajani. Walinikaribisha. Nilikataa kiti. Nikawafungulia ule ukurasa, na kwa kuwa ni wa Kiingereza nikawasomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Mumewe aliweka kuti chini. Akauliza kijitabu hiki nilikipata lini, kabla au baada.

"Kabla," nikasema. "Niliusoma ukurasa huu kabla sijawafundisha. Nilidhani ni biashara ya watu wa sufuria. Niliuruka."

Nilingoja anipige, au anifukuze. Bi. Mejumaa alikuwa ameacha kukuna. Kando, kwenye mkeka, Riziki alikuwa anaikusanya sauti yake, neno moja moja, kama anayepanda ngazi.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi sikuwa mchafu."

"Hukuwa," nikamwambia. "Hata mara moja."

Alirudia tena, safari hii akimgeukia mumewe, kisha mara ya tatu akimtazama mavyaa wake. Hakunitazama mimi, na hakunisamehe siku ile. Alinisamehe baadaye sana, na hilo ni lake, sitaliandika.

Bi. Mejumaa aliinuka, akaifuta mikono kwa kanga. Aliingia ndani, akatoka na ile sahani na kile kikombe vilivyowekwa peke yake, akaviosha mbele yetu sote na kuvichanganya na vya watu wengine kwenye ungo. Kisha akakiburuta kibao cha jikoni mpaka penye mkeka, akamwekea Riziki mbele yake.

"Mwanangu," akasema, "kuna bamia hapa. Utapika wewe."